Basi Huanzia Mlangoni: Uzoefu wa Miguu, Baiskeli na Mwendokasi Dar es Salaam

Kampeni nyingi za kuhamasisha kutembea huanza na fulana. Fulana zinachapishwa, watu wanakusanyika Jumamosi asubuhi, wanatembea kilomita tano nyuma ya gari la matangazo, wanapiga picha, na Jumatatu kila mtu yuko kwenye bodaboda yake. Mkazi wa Manzese, Tandale au Mbagala hana haja ya kufundishwa kutembea. Anatembea tangu akiwa mtoto, na anatembea kwa sababu nauli haitoshi. Yule aliyeacha naye hakuacha kwa uvivu. Aliacha kwa sababu ya mtaro usio na mfuniko, au kona isiyo na taa, au barabara ambayo kila akivuka anasali. Kwa hiyo kazi si kumshawishi mtu atembee. Kazi ni kuondoa kinachomfukuza njiani.

Kwa usafiri wa umma ni hivyo hivyo. Awamu ya kwanza ya mwendokasi, yaani mabasi yaendayo haraka kwenye njia yake pekee, ilianza kubeba abiria Mei 2016, kilomita 21 hivi kutoka Kimara hadi Kivukoni, na matawi ya Morocco na Gerezani. Mwaka 2018 Dar es Salaam ikapewa Tuzo ya Usafiri Endelevu, jiji la kwanza la Afrika kuipata. Lakini abiria hapimi basi peke yake. Anapima safari nzima, kuanzia mlango wa nyumba yake hadi mlango wa ofisi au genge lake. Akilazimika kulipa bodaboda kwa kilomita moja na nusu ya kufika kituoni, mara nyingi kipande hicho humgharimu kuliko basi lenyewe. Siku akipata fedha kidogo zaidi atanunua pikipiki, na hapo umempoteza.

Anza basi na ukaguzi wa miguu. Chagua kituo kimoja na uchore duara la mita 800, yaani mwendo wa dakika 10 hivi kwa mtu mzima. Ndani ya duara hilo chukua njia tatu au nne zinazotumika zaidi. Unahitaji watu wanne, futi ya kupimia ya mita 5, chaki, daftari, simu yenye kamera, na kigari cha mtoto au kiti cha magurudumu. Kigari si pambo. Mtu mzima mwenye afya huruka mtaro bila kujua kama ameruka. Kigari hukataa, na kila kinapokataa ndipo pa kuandika. Kwa kila kikwazo andika mambo matatu: ni nini, nafasi iliyobaki ya kupita ni sentimita ngapi, na barabara hiyo ni ya nani. Pitieni mara tatu: saa 12:30 asubuhi, saa 1:30 usiku, na siku moja baada ya mvua kubwa. Ukaguzi wa saa nne mchana hauna maana; saa hiyo hakuna giza, hakuna tope, na wanafunzi wako darasani. Kuwepo na wanawake wasiopungua wawili kwenye kundi, maana njia ambayo mwanamume ataiandikia "hakuna tatizo" mwanamke atakuonyesha ukuta mrefu usio na geti hata moja, ambao yeye hupita akikimbia.

Swali la barabara ni ya nani ndilo linalokwamisha watu wengi. Morogoro, Mandela, Nyerere, Kilwa na Bagamoyo ziko chini ya TANROADS, wakala wa serikali wa barabara kuu. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala ulioanza kazi 2017. Barua ikienda ofisi isiyohusika haikataliwi, inalala tu. Na kikwazo kibaya zaidi mara nyingi kimekaa mpakani kabisa: barabara kuu ina njia nzuri ya miguu, mtaa una zege safi, katikati pana mita 15 za shimo na maji machafu ambazo kila upande unadhani ni za mwenzake. Piga picha ya pengo hilo ukionyesha pande zote mbili kwa pamoja, andika barua moja kwa ofisi zote mbili, nakala kwa mtendaji wa kata na diwani. Ikiwa kila ofisi itaona nakala ya mwenzake, jibu huja mapema zaidi.

Sasa kuvuka barabara. Hapa hesabu ndogo hushinda hotuba. Njia nne za magari ni mita 14 hivi. Mtu mzima hutembea mita 1.2 kwa sekunde, kwa hiyo anahitaji sekunde 12. Mama mwenye mtoto mgongoni na ndoo kichwani, au mzee, huenda mita 0.9 kwa sekunde. Anahitaji sekunde 16 hivi. Sheria inaweka kilomita 50 kwa saa kwenye makazi, lakini alfajiri barabara ikiwa tupu fanya hesabu kwa 60: gari linakwenda karibu mita 17 kila sekunde. Maana yake yule mama anatakiwa kuona mbele zaidi ya mita 260 bila kona, bila basi lililosimama, bila kijiwe. Sehemu hiyo haipo. Weka kisiwa katikati, avuke mita 7 kwanza apumzike: sekunde 8, mita 130. Punguza kasi hadi 30, mita hizo zinakuwa chini ya 70. Kisiwa kiwe na upana wa mita 2 au zaidi, kwa sababu baiskeli ina urefu wa mita 1.8 na gurudumu la nyuma halipaswi kubaki barabarani.

Pundamilia iliyochorwa tu kwenye lami tambarare haimsimamishi dereva wa daladala anayekimbizana na mwenzake. Kinachomsimamisha ni kivuko kilichoinuliwa: tuta pana lenye kilele bapa, sentimita 10 hivi kwenda juu, mtu avuke juu yake. Kabla ya tuta pawe na rasta, yaani vituta vyembamba vya kumwamsha dereva, kibao, na rangi ya kuakisi. Tuta lisilo na rangi ni mtego kwa bodaboda usiku. Tusijidanganye kwamba kila tuta ni usalama. Na mafundi wasisahau maji: tuta likiziba njia ya maji ya mvua, upande wa juu panakuwa dimbwi na waenda kwa miguu wanalikwepa kwa kuvukia pengine kabisa. Mitaa ya shule ndiko kazi hii imeonekana vizuri zaidi. Mpango wa SARSAI wa Amend, shirika la usalama barabarani, ulitumia mambo haya haya madogo, matuta, njia za miguu, nguzo fupi, vibao vya kilomita 30, na mwaka 2019 ukapata tuzo ya majiji ya WRI Ross. Hakukuwa na chochote humo ambacho fundi wa mtaa hawezi kujenga.

Madaraja ya juu ya waenda kwa miguu hupendwa na wahandisi na wanasiasa. Fanya hesabu kabla ya kupenda. Sakafu ya daraja ikiwa mita 6 juu, ngazi za sentimita 15 ni 40 kupanda na 40 kushuka. Ukiweka mteremko wa kiti cha magurudumu wa moja kwa kumi na mbili, unahitaji mita 72 kila upande. Mtu anaambiwa atembee zaidi ya mita 150 kuvuka mita 14. Ataruka uzio, na watu watamwita mkaidi.

Njia ya miguu yenyewe inahitaji mita 1.8 hadi 2 zilizo wazi. Si mita 2 kwenye mchoro. Mita 2 baada ya kutoa nguzo ya umeme, meza ya vocha na mti. Mitaro ifunikwe kwa vifuniko vya zege, kwa sababu vya chuma huishia kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Kifuniko cha sentimita 60 kwa 50, unene wa 10, kina uzito wa kilo 72 hivi: watu wawili wanakinyanyua kusafisha mtaro, mmoja anashindwa kukiondoa. Ukikifanya kikubwa zaidi hakitainuliwa kabisa, mtaro utajaa mchanga, na masika ya kwanza maji yatapita juu.

Kuna jambo la nguzo fupi za kuzuia bodaboda zisipande njia ya miguu. Kiti cha magurudumu kinahitaji sentimita 90. Pikipiki ina upana wa sentimita 80 hivi. Nafasi yoyote inayopitisha kiti inapitisha bodaboda, na inayozuia bodaboda inamzuia mlemavu. Nguzo zinafaa kwa magari tu. Kwa bodaboda dawa ni kuwapa kijiwe chao, kilichochorwa, chenye kivuli, mita 10 au 15 kabla ya kivuko na si juu yake, na kukubaliana na uongozi wa kijiwe wenyewe. Ukiwafukuza bila kuwapa pa kukaa, kesho wako pale pale. Wamachinga vivyo hivyo. Wanafuata miguu, kwa hiyo njia yoyote itakayofanikiwa itawavuta. Chora ukanda wa mita 1.2 pembeni kwa meza zao, mstari uonekane, meza isizidi hapo. Saa mbili usiku taa ya muuza chipsi inalinda njia kuliko bango lolote.

Kivuli watu wengi hukidharau, lakini kwa joto la Dar, mita 400 za jua saa saba mchana ni ndefu kuliko mita 800 za kivuli. Mwarobaini unafaa. Miashoki hupandwa kwa wingi kwa kuwa imenyooka na inapendeza, ila kivuli chake ni kama cha nguzo. Mkrismasi una maua mazuri na mizizi inayonyanyua vitofali. Panda masika yanapoanza, shimo la sentimita 60 kila upande, uzio wa kuzuia mbuzi, na mtu mwenye jina la kumwagilia kiangazi cha kwanza. Miche bila jina la mmwagiliaji hufa yote.

Tukija kwenye basi, kero ya kwanza ni kusubiri kusikojulikana. Chukua kituo chenye watu 1,500 kwa saa wanaoelekea mjini. Basi refu likibeba 150, yanahitajika mabasi 10, moja kila dakika 6, na kwa wastani abiria anasubiri dakika 3. Mabasi hayo hayo 10 yakija mawili mawili kila dakika 12, wastani wa kusubiri unakuwa dakika 6; la mbele limeshona, la nyuma lina nafasi. Hakuna basi lililopungua. Kilichoharibika ni mpangilio. Chanzo mara nyingi ni makutano yanayoongozwa kwa mkono, ambapo upande mmoja hushikiliwa dakika tano kisha yote yanaachiwa kwa pamoja. Dawa ni kushikilia basi kituo cha mwanzo, mpanga ratiba akiwa na saa mkononi, wala si kulisimamisha katikati ya njia likiwa na watu.

Dirisha la tiketi nalo lina hesabu yake. Mtu mmoja akitumia sekunde 10, dirisha moja linahudumia watu 360 kwa saa. Watu 1,500 wanataka madirisha matano, na yote yawe wazi. Nauli ya mwanzo mwaka 2016 ilikuwa shilingi 650 njia kuu, 400 njia mlisho (inayoleta abiria kwenye njia kuu), na 800 kwa zote mbili. Wazo zuri hapo lilikuwa ile 800: aliyebadilisha gari aliokoa 250, hivyo hakuwa na sababu ya kupanda bodaboda kufika kituoni. Tatizo la 650 lilikuwa chenji ya 50. Sarafu ikikosekana, sekunde 10 zinakuwa 30. Anayepanga nauli aulize kwanza ni sarafu gani ziko mifukoni mwa watu.

Daladala usizitukane, zielewe. Dereva ana hesabu ya kumpelekea tajiri kila siku, kiasi kilichopangwa. Kinachozidi ndicho chake na kondakta. Ndiyo maana anasubiri gari lijae, anakatisha njia jioni, na anakwepa wanafunzi ambao nauli yao ni ndogo. Ndiyo maana pia abiria wanageuza na gari: wanapanda vituo vya nyuma, wanakwenda hadi mwisho na kurudi nalo ili wapate siti, wakimwacha mama wa kituo cha mwisho amesimama. Faini peke yake haiondoi mambo haya, kwa sababu hesabu bado iko pale. Kinachosaidia ni foleni yenye mstari na kamba kwenye kituo cha mwisho, na malipo kwa mwendo au kwa siku badala ya kwa kichwa, pale wenye magari wakikubali kuungana kama njia mlisho.

Mvua nayo ina sura yake. Jangwani iko kwenye bonde la Msimbazi. Mto ukifurika barabara hufungwa na safari za mwendokasi hukatika kati ya vituo vya Magomeni na Fire. Kwa abiria, ubaya mkubwa ni kugundua jambo hilo akiwa tayari ndani ya kituo na tiketi mkononi. Panga mapema: mabasi yatageuzia wapi, njia gani ya miguu inabaki kavu, nani anatangaza kwenye makundi ya WhatsApp ya mitaa na kwenye vipaza sauti kabla ya saa 11 alfajiri. Ramani za Ramani Huria, kazi iliyoanza 2015 kwa wanafunzi na wakazi kuchora mitaa na mitaro ya kata zao, zinakuonyesha pa kuanzia.

Baiskeli ndiyo inayofaa kile kipande cha kilomita 2 hadi 5, ambacho kwa miguu ni kirefu na kwa bodaboda ni ghali. Kwa mwendo wa kilomita 12 kwa saa mtu hatoki jasho la aibu, na kilomita 4 anazimaliza kwa dakika 20. Baiskeli za mtumba kutoka Japani ndizo tunazozipendekeza: fremu imeshuka katikati, mnyororo una kava, gurudumu la nyuma lina kinga ya nguo, kwa hiyo dera au buibui haliingii kwenye spoku. Zina kufuli ya duara kwenye gurudumu. Kufuli hiyo inazuia kuendesha, haizuii kubeba, ongeza mnyororo. Karibu na bahari chumvi hula mnyororo haraka, upake mafuta mepesi kila wiki na kufuta yanayozidi, vinginevyo mchanga unanata na kusaga meno.

Mtu mzima asiyejua kuendesha usimshike kiti na kumsukuma. Shusha kiti mpaka nyayo zote ziguse chini, fungua pedali zote mbili kwa spana namba 15, na kumbuka pedali ya kushoto hufunguka kwa kuzungusha uelekeo wa mshale wa saa. Wengi huibana hadi nyuzi zinakufa. Ajisukume kwa miguu kwenye uwanja mgumu wenye mteremko mdogo sana, si kwenye nyasi. Akiweza kuelea mita 10 bila kugusa chini, rudisha pedali. Wengi hufika hapo kwa vipindi viwili hadi vinne.

Njia usiichague kwa kutazama barabara kuu. Morogoro ina njia za baiskeli, lakini bodaboda huzigeuza za mkato na mchanga hujaa pembeni. Zinahitaji ufagio mara kwa mara na msimamizi. Mitaa ya ndani kama ile iliyonyooka ya Sinza huenda sambamba na barabara kubwa na ina magari machache. Kinachoikata ni mito midogo, Mto Ng'ombe kwa mfano. Kivuko kidogo cha upana wa mita 1.5, au 2 kama kuna mikokoteni, kinaweza kufupisha safari kuliko kilomita moja ya lami mpya.

Kituoni pa kuegesha pawe mbele ya macho ya mkatisha tiketi au fundi baiskeli, kamwe si nyuma ya choo. Vishikio vya kubana gurudumu la mbele vinapinda rimu. Tumia bomba lililokunjwa mithili ya geti, kimo cha sentimita 75 juu ya ardhi, sentimita 30 ndani ya zege, na mita moja kati ya bomba na bomba. Kila bomba hubeba baiskeli mbili. Nafasi ya kuegesha gari moja inatosha baiskeli 8 hadi 10, na picha ya nafasi hiyo, kwanza ikiwa na gari kisha ikiwa na baiskeli, ni hoja inayoeleweka kwenye kikao cha kata bila maneno mengi.

Kikao chenyewe kinataka namba. Hesabuni Jumanne, Jumatano na Alhamisi, saa 12:30 hadi 2:30 asubuhi, kwa vipindi vya dakika 15, bila likizo ya shule wala siku ya mvua. Hesabuni watu, si vyombo: gari dogo lina mtu mmoja au wawili, Coaster iliyojaa ina zaidi ya 30. Tenganisha wanawake, wanafunzi, wenye mizigo na wenye ulemavu. Peleka karatasi moja: picha tatu, namba moja kubwa, ombi moja. Ukipeleka maombi kumi yatachaguliwa yale rahisi, kwa kawaida bango. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai na vipaumbele hupangwa miezi mingi kabla, kwa hiyo hesabu za Machi zitakuwa zimechelewa. Fanya Septemba au Oktoba. Kazi zisizohitaji bajeti, kama kuhamisha kijiwe au kuchora mstari wa meza, zianze wiki hiyo hiyo.

Kazi ikikamilika barua ya makabidhiano itaje tarehe ya kurudia rangi. Rangi ya kawaida ya pundamilia kwenye barabara yenye daladala nyingi hufifia ndani ya miezi michache. Ile ya kuyeyushwa kwa moto ni ghali lakini hukaa zaidi. Panga ipigwe wiki mbili kabla shule hazijafunguliwa, Januari na Julai, na ndoo moja ya rangi ibaki ofisi ya serikali ya mtaa, na jina la anayeshika ufunguo liandikwe kwenye barua hiyo hiyo.